Dakika Ishirini, Karura

Sindano imeingia pajani, nimeiona ikining'inia,
kishada chake chekundu kikizama vichakani.
Pongo ameondoka na waya wa mtego mguuni.
Kimeu anainuka. Namvuta koti: keti.

Ukimfuata sasa atakimbia na dawa mwilini
hadi mtoni, usingizi umkute majini.
Basi tunaketi. Barabara ya Kiambu inanguruma,
mtu anapita na mbwa wake, anatusalimu
kana kwamba tumekuja kula mandazi.

Dakika ya saba, siafu wamefika magotini.
Ya kumi na mbili, bega langu
bado lina teke la bunduki.
Kumi na tisa. Kimeu ananitazama.
Bado.

Kisha tunainama. Tone kwenye jani la muhugu,
kavu ukingoni, bichi katikati.
Kwato tatu zimezama, wa nne umeburuzwa.
Hatua. Kituo. Hatua.
Matone yanapokatika naacha leso kwenye la mwisho,
nazunguka, naanza upya.

Masikio ndiyo tunayoyaona kwanza,
yakifukuza inzi.
Koleo limepata joto mfukoni mwangu.
Bado, nasema,
na Kimeu hata hajasogea.