Jumla Siku Zote Tisa

Gurpal alileta boksi, akalitua kwenye benchi
kama mtu anayetua trei ya mayai.
"Roka nane, Aikande. Zina magurudumu puani.
Jumapili nataka kusikika mpaka Kahe."

Nikafungua. Alumini tupu,
zinang'aa kuliko vijiko vya wageni.
Datsun yake ilikuwa imekaa boneti wazi tangu asubuhi,
mdomo wazi, kama mgonjwa wa meno hapa Pasua
anayesubiri zamu yake.

Nilizivua za zamani. Nikapitisha ukucha puani mwa moja:
ulinasa. Miaka arobaini ya chuma kuburuta chuma
imechimba kijito kidogo pale.
Elisaria, mwezi wake wa tatu gereji, akauliza,
"Sasa hizi mpya nguvu wanazitoa wapi?
Si kemshafti ni ile ile?"
Ni ile ile.
Lakini mkono wa mbele umeongezwa urefu.
Ukimpa milimita moja, ya zamani hukurudishia moja na nusu;
hii inakurudishia hiyo hiyo
na chenji juu.
Akacheka. Alikuwa ameuza nyanya kabla ya kuja kwangu,
hesabu ya chenji haihitaji kurudiwa.

Shafti: matundu ya oili yaangalie chini.
Boliti: anza katikati, nusu raundi, nenda pembeni, rudi,
kwa sababu springi zinapigana na wewe
na ukilazimisha upande mmoja, shafti inapinda
na hakuna anayekuambia mpaka siku ya mashindano.

Kisha fila. Unene wa ukucha wa mtoto, basi.
Valvu ya nane ikizama, pima ya kwanza.
Ya saba ikizama, pima ya pili.
Ya sita, ya tatu. Ya tano, ya nne.
Jumla siku zote tisa.
Elisaria anazungusha injini kwa spana, taratibu,
mimi natelezesha bati, nasikiliza kwa vidole:
isikwame, isipwaye,
ipite kama mtu anayepita kanisani wengine wakisali.

Saa kumi na moja jioni tukaweka kifuniko.
Hakikukaa.
Roka mpya ni ndefu kimo, zinagonga bati kwa ndani.
Tukatazama juu, bila sababu. Mlima ulikuwa umejifunika vizuri tu,
cha kwake kinamtosha.

Nikakimbilia Mbuyuni kwa Kandidi anayesubu sufuria.
Nikamchorea mchangani fremu, unene wa kidole gumba,
tundu katikati, matundu madogo kandokando.
Akainamisha kichwa. "Dada,
hii ni sufuria gani isiyo na tako?"
Lakini alikwisha kuvuta gunia
na ndani ya gunia, pistoni.
Pistoni za malori, za pikipiki, za jenereta ya harusi ya mtu,
zimechoka, zina masizi vichwani.
Zikaingia kwenye moto zikawa maziwa.

Kwa hiyo Jumamosi usiku, chini ya taa ya waya mrefu,
kati ya hedi na kifuniko cha Datsun ya Gurpal
kulikuwa na pete ya pistoni zilizokufa,
msasa, gasketi mbili, jasho la watu wawili.
Nikawasha.
Jirani alizima redio yake asikie. Au kwa hasira, sijui.
Mlio ulikuwa mkavu, wa haraka,
cherehani nane zikishona nguo moja.

Jumapili sikwenda. Nilifua.
Mara moja nilisikia kitu kwa mbali upande wa miwa,
kinaweza kuwa yeye, kinaweza kuwa trekta.

Jumatatu akaingia na vumbi mpaka kwenye kope,
kilemba kimebadilika rangi.
Hakusema namba aliyoshika, nami sikumuuliza.
Akainua boneti, akanyosha mkono kunipa fila
kwa upande wa mpini.
"Pima tena."
Elisaria akashika spana bila kuambiwa.
Ya nane ikazama.