Ubao wa Farasi

Nimeuegemeza dirishani, juu ya shuka jeupe,
ubao wa kunyooshea nguo, wa kabla ya pasi,
mpini wake farasi mdogo mwenye shingo ya kiburi.
Mgongo umelainika kwa viganja vya bibi,
unang'aa kama kisigino.

Mama anataka picha nne tu:
mbele, nyuma, ubavu, na moja yenye rula.
Mnunuzi yuko Bergen, hana subira.
Shangazi Gudveig anauliza toka jikoni
kama farasi naye anatakiwa kutabasamu.

Huku bondeni, zamani, kijana aliyependa
hakutuma mshenga. Alishika kisu.
Alichonga majira yote ya baridi,
kisha usiku akauacha ubao mlangoni kwa binti.
Binti akiuingiza ndani, arusi.
Asubuhi ukikutwa pale pale, theluji juu yake, basi.

Na babu Eilert, tuliambiwa, hakungoja hata alfajiri;
bibi Åsne alitoka bila viatu, akauchukua.
Ndivyo tulivyohadithiwa kila Krismasi,
sahani zikiwa bado mezani.

Napiga kwa taa ya kamera:
ubao bapa, mkavu, kama picha ya kitambulisho.
Nazima. Nangoja.
Jua la Januari halikai. Linachungulia juu ya mlima
robo saa, kama mtu aliyekuja kudai deni lake.
Linaingia limelala, linaupapasa ubao ubavuni,
na kila alama ya kisu inasimama na kivuli chake.

Hapo, chini ya tumbo la farasi,
chini ya herufi za bibi, Å na T,
naona nyingine. Zimeparuzwa, zimesuguliwa kwa mchanga.
S. Nadhani S. Na R iliyokataa kufa.

Ubao huu ulilaliwa na theluji
kwenye mlango mwingine.

Napitisha kidole. Bibi alikuwa akiushika hapa,
hapa hasa, miaka hamsini na mitatu,
kila Jumamosi ya mashuka.
Vidole havina macho, ila havidanganyiki.

"Umemaliza?" Mama anaita.
Napiga ya tano, ambayo Bergen hawataiona.
Jua limeshaondoka.

Gudveig amesimama nyuma yangu,
anakausha kikombe kilichokauka kitambo.
"Sunniva Rygg," anasema.
"Alikuwa na meno mazuri sana."