Saa ya Ganzi

Tangu alfajiri dripu inadondoka,
tone, tone, kama mdaiwa alipaye kwa senti.
Uchungu huu haukuja wenyewe:
umeitwa, ukaitika kwa hasira.

Nje, Tampere, gari la kukwangua theluji
linapita mara ya tatu.
Soksi yangu moja imepotelea kitandani.
Mkunga Tuulikki anapima: "Nne."
Kwenye karatasi ya mashine vilima vimesongamana,
hakuna bonde la kupumulia.

Subira huvuta heri, ndiyo,
ila aliyesema hakuwa na sindano mshipani.
Mama mkwe ameandika: yeye alizaa watatu
akiuma taulo.
Nimezima simu.

"Ningoje hadi lini?"
"Saa ya ganzi haiko ukutani," asema Tuulikki.
"Unayo wewe. Lakini daktari ana upasuaji saa tisa."

Nikasema, mwite.
Nikajikunja, mgongo nje kama paka,
Jouni kanishika mabega, anatetemeka kuniliko.

Baadaye kilima kingine kikapanda karatasini.
Nikakitazama tu,
kama mvua inayonyesha mtaa wa pili,
nikaulizia soksi yangu.