Mkeka wa Tope

Shebwana ameiegemeza ukutani, mitatu,
kama waposaji waliogongana mlango mmoja,
nami kiatu changu kingali na tope la Mwakirunge,
la mwezi uliopita, limekauka kwenye mshono.

Wa kwanza ni wa raba. "Huu wakunjika," asema,
"wauviringa, wautia chini ya kiti."
Nauviringa. Laini kama shavu la mtoto.
Namuuliza: ukinitii mimi hivi, mwenye mikono miwili,
tairi litaufanya nini?
Shebwana atazama nje.
Mwembe Tayari yote yapiga honi.

Wa pili ni wa plastiki, kijani, bei yake tamu.
Nayapapasa meno kwa kidole gumba:
mafupi, ya duara, meno ya maziwa.
Namjua huyu. Ngome fundi alikuwa naye.
Alikanyaga mafuta kwa pupa, tairi likazunguka pale pale,
meno yakayeyuka,
akabaki na ubao wa kuteleza
na harufu ya ndoo iliyoungua.

"Kwani wewe wabeba nini?"
Viti. Viti mia mbili na mahema mawili,
na sufuria za pilau ambazo mtoto wa chekechea
akiingia haonekani.
Nabeba arusi za watu. Na matanga pia;
viti ni vile vile.

Sikumwambia habari ya mwezi wa tano,
mvua ya mwaka imeshika, njia imekuwa uji,
pikapu imeketi hadi ekseli
na bibi arusi wa watu angoja hema.
Tulitia mawe, yakamezwa.
Tulitia makuti, yakamezwa.
Vijana walisukuma hadi wakafanana.
Kilichobaki kikavu ni kimoja tu, mbele, kitini pangu:
mkeka wa ukindu, zambarau na manjano,
tunu ya bibi arusi kutoka kwa mama yangu,
aliousuka Ramadhani nzima, kila alasiri,
mate yamemkauka, vidole havikauki.

Niliutandika chini ya tairi.
Pikapu ikapanda, ikatoka.
Mkeka nikaung'oa vipande vipande, ukili kwa ukili.
Nilimwambia mama umepokewa.
Sikusema na nani.

Wa tatu ni rangi ya chungwa. "Ili uuone ukizama."
Wanifika kifuani. Naukanyaga katikati,
wapinda kidogo, warudi kama mtu mwenye adabu zake.
Meno marefu, mapana, yaliyopangwa kwa hasira.
Mwishoni, tundu mbili.
"Chimba kwanza," asema Shebwana, "usiwe mvivu.
Usukumize hadi uguse tairi. Giya ya kwanza, polepole.
Na nyuma pasisimame mtu:
ukiruka huu, hauulizi jina."

Twateta bei hadi adhana.
Nataka miwili, nina pesa ya mmoja na nusu.
Nusu iliyosalia ataifuata kwa viti,
ana mtoto wa kuoza mwezi wa nane.

Nyumbani mama aupokea mmoja, aulaza magotini,
aupitisha kiganja kama mwenye kutafuta chawa.
"Haukusukwa huu. Haukushonwa.
Umemiminwa."
Augeuza. "Na nani ataulalia?"
Gari, namwambia.

Kisha aniangalia miguuni.
Ainama, atia ukucha kwenye mshono wa kiatu,
abandua tope, na ndani ya tope
avuta uzi mmoja wa ukindu,
wa zambarau.
Auweka juu ya plastiki ile. Akimya.
Nje jirani atwanga kitu, aacha, atwanga tena.

"Gari lilitoka?"

Lilitoka, mama.

"Na hizi tundu za nini?"

Za kamba. Usipotelee topeni.

Avuta fungu la ukindu alilolowesha kwa kazi nyingine,
auma ncha moja kwa meno yake yaliyosalia,
aanza kusokota.