Safu

Jumamosi, saa nne, jua limeshaanza ubabe.
Geti halina tiketi wala foleni.
Mwenyeji wetu ni Tumpe, ana mkasi wa majani
na redio ndogo mfukoni, aliyoizima alipotuona,
kwa heshima yetu, si yao.
Wao, asema, wameizoea.

Shangazi Asteria katoka Mahenge
kwa basi la usiku, miguu imemvimba.
Harusi iliyomleta ni ya jioni.
"Kabla ya pilau, nipeleke kwa babu."
Nikamwambia, Shangazi, babu hayupo pale.
"Ulikwenda ukamkosa?"
Sikuwa nimekwenda. Miaka kumi na mmoja
napita Barabara ya Bagamoyo kila asubuhi,
nauona ule ukuta,
nikidhani ni ubalozi.

Ndani, majani yamenyolewa kama kichwa cha kuruta.
Mawe yamesimama bega kwa bega,
kimo kimoja: koplo na kapteni
wamepewa usawa ambao uhai uliwanyima.
Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa.
Huyu, jiwe lake linakiri
kwamba Mungu peke yake ndiye amjuaye.
Watalii wawili wanapiga picha, wanafuta, wanapiga tena,
wanatafuta jiwe lisiloguswa na kivuli cha tawi.
Siwalaumu. Nami nilipiga.

Shangazi hapigi. Anasoma.
Kidole kinapita juu ya herufi
kama cha mtu achambuaye mchele,
ila hapa anatafuta punje
katikati ya mawe.
Safu ya kwanza. Ya pili. Ya saba.
Anamtafuta Matanda, aliyekamatwa shambani
jembe lingali wima udongoni,
akatwishwa sanduku la risasi
za vita vya watu wasiojua hata jina la kijiji chake.
Kwetu imebaki habari moja tu:
kwamba aliondoka bila ngata,
utosi mtupu chini ya mbao,
na mkewe akamfuata mbio hadi mtoni
na ngata ya majani ya mgomba mkononi,
akakuta maji yameshatulia.
Mpaka leo, ukichelewa jambo nyumbani kwetu,
utaambiwa: umepeleka ngata mtoni.

Shangazi amefika ukutani, safu zimekwisha.
"Mwanangu, wapagazi mmewaweka wapi?"
Tumpe anafuta mkasi kwenye aproni,
upande huu, upande ule, muda mrefu
kuliko mkasi unavyohitaji.
"Mama, mimi nimeajiriwa kukata majani.
Lakini babu yake bibi yangu, wa Tukuyu,
naye hayumo. Niliangalia
wiki yangu ya kwanza."
Nje, lori la saruji linabadili gia.

Kwenye kishubaka cha ukutani, nyuma ya kijilango cha shaba,
kuna daftari la wageni.
Nalo lina safu zake, tatu: Jina. Nchi. Maoni.
Juu yetu wameandika wa Leeds, wa Pune,
mwanafunzi mmoja wa Tandika aliyechora moyo.
Shangazi akaomba kalamu. Akaandika taratibu,
kwa mwandiko wa shule ya misheni, ulioinamia kulia,
ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.
Nilidhani anajiandikisha.

Jina: Matanda Lihawa.
Nchi: hapo alisita, kalamu ikaacha nukta ya wino,
kisha: Mahenge.
Maoni: Ngata imefika.

Tumpe akasoma. Hakusema kitu.
Akapuliza wino ukauke, akafunga kijilango
kwa viganja viwili, kama afunikaye chungu.
"Daftari likijaa," akauliza Shangazi, "mnalipeleka wapi?"
"Wanakuja kulichukua, mama. Ofisini.
Ofisi gani, sijui."
Shangazi akajitanda kanga yake, akatazama
jua limefika wapi, akakumbuka pilau.
"Haidhuru," akasema.
"Amezoea kupelekwa asikokujua."

Tulipotoka getini nikasikia
redio ikiwashwa, sauti ya chini.