Nimekubali

Kwetu neno hili lilikuwa na mkeka wake.
Baba mkwe kanyoosha mkono, shehe kakohoa,
mashahidi wawili wametega masikio,
na bwana harusi, jasho likimtambaa ndani ya kanzu ya kuazima,
analitamka: nimekubali.
Sauti ikitetemeka, anaambiwa arudie.

Hapa Hull nalitamka kwa kidole gumba
kabla chai haijapoa,
mara kumi, kumi na moja kwa siku,
bila mahari, bila shahidi,
kwa bwana nisiyemjua sura.
Kurasa arobaini za herufi kama chawa,
nami niliyesomea kompyuta, ninayekula kwa kompyuta,
sijapata kuzimaliza hata mara moja.

Basi nani mimi nimcheke Bwana Thirkettle?
Miaka thelathini na minane alipigilia misumari
nyumba za magurudumu, watu wengine wakaenda nazo likizo.
Leo yupo maktabani, mashine namba sita,
kavaa miwani ya marehemu mkewe,
na mashine inamtaka athibitishe kuwa yeye si roboti.
Chagua picha zote zenye taa za barabarani.
"Na nguzo je?" ananiuliza. "Nguzo nayo ni taa?"
Nina shahada. Sijui.
Saa yake moja ikaisha, kioo kikazimika
katikati ya jina lake la ukoo.
Fomu ya kodi ya nyumba, kesho aanze upya.
Hii wanaiita huduma.
Katika Kiswahili changu, huduma ina mtu ndani yake.

Usiku nikifagia seva naziona nyayo.
Namba tatu aliuliza kama uvimbe usiouma ni hatari.
Namba tisa aliuliza namna ya kuondoka nyumbani
bila yeye kujua.
Bi Philippa anataka nyayo hizi zitunzwe miezi kumi na miwili.
Kwa usalama, anasema.
Asiye na la kuficha ana hofu gani?
Lakini choo cha maktaba kina mlango, Bi Philippa,
na sote tunajua kinachofanyika mle.
Hilo nililisema moyoni.
Mdomoni nilisema sawa,
na sauti ilitetemeka,
na hakuna aliyeniambia nirudie.

Kisha ikaja barua: kuanzia Jumatatu
waifai izimwe saa za kufunga,
wapo watu wanaokaa ngazini.
Watu! Ni Rojin, wa darasa la tisa,
simu yake ina ufa kama ramani ya mto,
bando la mama yake hukata roho tarehe kumi na nane,
na shule inataka hesabu zitumwe kabla ya usiku wa manane.
Mvua ya hapa hainyeshi toka juu, hunyesha toka ubavuni;
analaza daftari kifuani, anaandika kwa kuchungulia.
Maji yakikatwa mtaa mzima hupiga kelele.
Mtandao ukikatwa, unaambiwa nenda kanunue kahawa,
ukae karibu na dirisha.

Amri ya kuzima ni mstari mmoja tu. Niliuandika mimi.
Barua ya Kiingereza ilisema: saa sita jioni.
Haikusema sita ya nani.
Mimi saa nilifundishwa na bibi yangu, Mwanahawa binti Shee,
aliyehesabu tangu jua linapozama,
na kwa hesabu yake
saa sita ni usiku wa manane.

Mashine ikaniuliza: una hakika?
Bwana Thirkettle alikuwa akitafuta mwavuli wake,
msafishaji akivuta ndoo.
Wawili. Wanatosha.
Nikalitamka kwa mdomo, wakageuka kunitazama.

Nyayo bado zipo kwenye seva, sikuzifuta.
Na lile la nguzo bado sijampa jibu.