Saa Kumi Kasoro Dakika Ishirini

Vishikwambi ishirini na vinne vilifika mwezi wa Oktoba,
ndani ya makasha yenye harufu ya gundi,
pamoja na kijana wa Tbilisi mwenye viatu vyeupe.
Siku mbili alitufundisha kuviwasha,
kuvichaji,
na kuviamini.

Nimefundisha hesabu hapa Chiatura miaka thelathini na mmoja.
Nimemeza chaki hata sauti imeota kutu.
Nikasema haya, tuone.

Na kusema haki, vina subira kunishinda.
Gocha akikosea sehemu mara kumi na nne
kishikwambi hakiguni, hakipandishi nyusi;
humpa swali jingine, dogo kidogo,
kama mtu anayemteremsha mtoto ngazi kwa kumshika mkono.
Mara ya kumi na tano alipata.
Akapiga meza ngumi.
Nikageukia dirishani, nikajifanya natazama theluji.

Usiku, nyumbani, nafungua ukurasa wa mwalimu:
kijani aliyemaliza, manjano aliyeanza,
nyekundu aliyelala.
Na kando ya kila jina, saa.

Tekle, kijani. Kila siku kijani.
Saa kumi kasoro dakika ishirini, usiku ungali mbichi.
Maswali kwa dakika tisa, kisha kimya dakika sita.
Tena tisa. Tena sita.
Na kosa moja tu, swali la saba:
*Mwokaji anaoka mikate themanini kwa saa moja.
Je, kwa saa sita ataoka mingapi?*
Msichana anayekokotoa vipeo kichwani
akajibu: mia nne na kumi.

Mashine ikaniandikia: mwanafunzi huyu hupoteza umakini.
Ikapendekeza mchezo wa kumchangamsha.

Nilimwita. Akatazama mikono yake.
“Kwani majibu si sahihi, mwalimu?”
Yalikuwa sahihi.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Basi Alhamisi moja nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia
nikashuka ngazi za wachimba madini,
vigari vya waya vikining'inia juu ya mto, tupu, vimeganda,
na huko chini, dirisha moja tu lina mwanga.

Baba yake alikuwa amezama tanurini hadi kiunoni,
akibandika mikate ukutani mwa moto.
Mama hayupo; yuko Bari, Italia,
anamwogesha bibi kizee asiye wake.
Na Tekle juu ya gunia la unga,
kishikwambi kimevikwa mfuko wa mkate,
anakigusa kwa kifundo, maana ncha za vidole ni nyeupe.

Dakika tisa mkate unaiva.
Dakika sita kubandua, kupanga, kubandika upya.
Hapo ndipo umakini wake ulipokuwa ukipotelea.

Hatukusemezana mengi. Baba mtu alinipa mkate,
akakataa hela, akaona haya, nami nikaona haya yangu.
Nilipofika mlangoni nikakumbuka.
“Tekle, lile swali la saba. Themanini mara sita?”

Hakuinua uso.
“Mia nne na themanini. Najua.
Lakini ikifika saa ya tano tanuri linapoa, mwalimu.
Na baba anachoka.”

Nilipanda ngazi, mkate kwapani, moto kama kiumbe hai.
Nikafungua ukurasa, nikatafuta mahali pa kubadili alama.
Kulikuwa na orodha ya sababu: ugonjwa, safari, mtandao.
Nikachagua *nyinginezo*, nikaandika yote, mistari minane.
Kikanijibu palepale: asante kwa maoni yako.
Nyekundu ikabaki nyekundu.

Nikavuta droo.
Daftari la zamani lilikuwepo, lile la karatasi,
kalamu ndani yake kama mfupa.
Nikaandika tarehe, nikaandika jina,
swali la saba,
nikatia vema.